Mafuta ya mabua na mwani: kwa nini hayafiki sokoni, na ninyi muanzie wapi

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na wenzangu watatu tuko kwenye maabara ya chuo. Tumepata aina ya mwani ambayo ndani ya chupa inafikisha mafuta asilimia 40 ya uzito wake mkavu. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba tuachane na mwani, tuanze na mabua na majani makavu, kwa sababu yamejaa mashambani na ni bure. Mimi sijui nimsikilize au la. Kila mwaka nasoma kwamba mafuta ya namna hii yako mbioni kuingia sokoni, halafu kimya. Tatizo ni sayansi au ni pesa? Na sisi tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, ubishi wenu ni mzuri, ila mmeuanzia katikati. Sayansi ya msingi ipo. Vimeng'enya vya kuvunja selulosi (nyuzi ngumu zinazojenga mimea) kuwa sukari vinauzwa, na sukari hiyo hamira huigeuza kuwa ethanoli, ile pombe inayochanganywa na petroli. Hamira ya kawaida haiigusi zailosi, ile sukari ya kaboni tano iliyojaa kwenye mabua, lakini hamira zilizobadilishwa vinasaba zinaila. Mwani wenye mafuta mengi nao si habari mpya hata kidogo: Wizara ya Nishati ya Marekani iliutafiti kuanzia 1978 hadi 1996, ikakusanya aina zaidi ya 3,000, kisha ikaufunga mpango huo. Na pesa zilimwagwa, tena nyingi. Miradi mingi ilikwama kwenye milango miwili ya kiwanda. Mlango wa kuingilia, ambako malighafi chafu, yenye unyevu na mchanga, inatakiwa iwe inafika kila saa ya mwaka mzima. Na mlango wa kutokea, ambako anatakiwa awepo mnunuzi aliyejifunga kwa mkataba wa miaka, kwa bei inayolipa deni. Chupa yenu iko katikati ya milango hiyo miwili, na haisemi lolote kuhusu mmoja wala mwingine.

Nianze na mabua, maana huko ndiko kwenye historia ndefu ya kujifunzia.

Mwaka 2007 Marekani ilipitisha sheria iliyotaka galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi ziwe zinaingia sokoni ifikapo 2022. Lengo la 2010 peke yake lilikuwa galoni milioni 100. Shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, likaona haiwezekani, likalishusha hadi milioni 6.5, na hata hizo hazikupatikana. Range Fuels, kampuni iliyojenga Soperton katika jimbo la Georgia kwa msaada mkubwa wa serikali ili igeuze mabaki ya miti kuwa ethanoli, ilifunga virago 2011 bila kufikia kile ilichoahidi. KiOR, iliyokuwa na kiwanda Mississippi cha kupasha vipande vya mbao joto kali ili kupata mafuta ghafi, ilifilisika 2014.

Kisha likaja kundi la kampuni lililoonekana limejipanga. POET-DSM ilifungua kiwanda Emmetsburg, Iowa, Septemba 2014. Abengoa ikafungua chake Hugoton, Kansas, mwezi uliofuata. DuPont ikafuata Oktoba 2015 katika mji mdogo unaoitwa Nevada, ulioko Iowa, kiwanda cha galoni milioni 30 kwa mwaka. Hiki cha DuPont nataka ukiangalie kwa karibu, kwa sababu kinamjibu mwenzako anayesema mabua ni bure.

Kiwanda kilihitaji tani 375,000 za mabua makavu ya mahindi kila mwaka, kutoka kwa wakulima wapatao 500 walio ndani ya kilomita 50 hivi. Chukua robota kubwa la nusu tani. Hayo ni marobota 750,000 kwa mwaka, zaidi ya 2,000 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Lakini mahindi hayavunwi kila siku. Yanavunwa ndani ya wiki chache, na wiki hizo hizo mvua inaweza kunyesha. Kwa hiyo mabua yote ya mwaka yakusanywe kwa haraka, yafungwe, yapangwe, yafunikwe, yalindwe na moto (rundo la mabua makavu likipigwa na radi halizimiki kirahisi), kisha yapakiwe kidogo kidogo kwa miezi kumi na moja. Robota ni jepesi kwa ukubwa wake, lori linajaa kabla halijafikia uzito linaoweza kubeba, kwa hiyo unalipia safari ya hewa. Mkulima naye anataka chake, na ana haki: mabua yakiondoka yanaondoka na potasiamu na fosforasi ya shamba lake, na sehemu yake lazima ibaki ardhini kuzuia mmomonyoko. Mpaka robota likafike kwenye mizani ya kiwanda, kile kitu cha bure kimeshakuwa moja ya gharama kubwa kuliko zote kwenye hesabu.

Sasa liingize ndani. Bua limejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini zilizosukana kwa makusudi zisivunjike. Mmea haukuumbwa uliwe na kimeng'enya. Ndiyo maana kuna hatua ya matayarisho: mabua yaliyokatwakatwa yanasukumwa kwenye chombo chenye mvuke wa presha, mara nyingi pamoja na tindikali kidogo. Namna ya kuyaingiza bila mvuke kutoroka ni skrubu inayoyabana mpaka yawe kizibo kigumu. Hapo ndipo mafundi wanapotoka jasho. Robota la leo likiwa kavu mno, kizibo kinalegea na mvuke unarudi nyuma kwa kishindo. La kesho likiwa na unyevu, skrubu inakamua maji na kuteleza. Yote mawili yana mchanga wa shambani, na mchanga unasaga chuma. Ukipasha moto kupita kiasi ili ufidie, sukari inaungua na kuwa furfurali, ambayo ni sumu kwa hamira kwenye tangi linalofuata. Kwenye maabara mnatumia mabua yaliyosagwa laini, yakapepetwa, yakakaushwa, pengine yote kutoka shamba moja. Hilo si bua la kiwandani.

Na hili lilijulikana mapema. Mwaka 1981 watafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani walichambua viwanda vya kwanza vya aina yake, wakaonyesha kwamba vinavyochakata malighafi ngumu hushindwa kufikia uwezo wake wa kwenye michoro kuliko vinavyochakata vimiminika. Wahandisi wa petroli wamezoea pampu na mabomba. Bua halipiti kwenye bomba.

POET-DSM walihangaika na hatua hiyo hadi 2017, ndipo wakatangaza wamepata njia yao ya matayarisho inayofanya kazi. Mwaka 2019 wakasimamisha uzalishaji. Soma tarehe hizo mara mbili: tatizo la mlango wa kuingilia walilitatua, la mlango wa kutokea likawashinda. Viwanda vyote vitatu vilifunguliwa wakati bei ya mafuta ghafi, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, ilikuwa ikiporomoka hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016. Ethanoli yenyewe ilikuwa tayari imejaa petroli ya Marekani hadi kwenye mpaka wa asilimia 10 unaokubalika kwa magari mengi. Kilichobaki kuwapa uhai ni vyeti vya serikali ambavyo wauza mafuta walilazimika kuvinunua kama ushahidi wa mafuta ya selulosi. Halafu mwaka 2014, EPA ikaamua kwamba gesi ya majalalani ikisafishwa na kutumika kwenye magari nayo inahesabika kuwa ya selulosi. Kisheria walikuwa na hoja. Lakini jalala tayari lipo, gesi inatoka yenyewe, na kuikusanya ni rahisi mno kuliko kubana mabua kwa skrubu. Leo vyeti karibu vyote vya kundi hilo vinatokana na gesi, si ethanoli. Aliyekopa kwa kutegemea uhaba wa vyeti aliishia kushindana na dampo.

DuPont walifunga kile kiwanda 2017. Mwaka uliofuata kampuni ya Ujerumani, Verbio, ikakinunua, na unajua ilikigeuza kifanye nini? Mabua yale yale, mahali pale pale, lakini yakawa yanaozeshwa kwenye matangi kupata gesi. Bakteria wa gesi hawajali sana kama sukari imechanganyika na takataka, na gesi ikisafishwa inaingia kwenye bomba lililokuwepo. Mimi naona huo ni uamuzi wa akili kuliko yote iliyofanywa kwenye eneo lile, ingawa hautangazwi kwa mbwembwe.

Kuna waliofaulu, na wana jambo moja la pamoja. Huko Lappeenranta, Finland, kampuni ya UPM inazalisha dizeli tangu 2015 kutokana na mafuta ya utomvu wa misonobari, ambayo hubaki wakati wa kutengeneza massa ya karatasi. Brazili, kampuni ya Raízen ilianza kutengeneza ethanoli kutokana na makapi ya miwa, kwanza kwenye kiwanda cha Costa Pinto huko Piracicaba. Katika mifano yote miwili malighafi haikutafutwa mashambani na mtengeneza mafuta. Ililetwa na biashara nyingine, kwa gharama ya biashara hiyo, ikaachwa pale pale imerundikana, mvuke na umeme vikiwa jirani. Simaanishi kazi ilikuwa nyepesi. Wabrazili nao walihenya miaka kadhaa kabla mitambo haijatulia. Lakini hawakuwa na marobota 2,000 ya kusaka kila asubuhi. Linganisha na Clariant, waliojenga Podari, Romania, kiwanda cha kugeuza tani 250,000 za majani makavu ya nafaka kuwa tani 50,000 za ethanoli. Tani tano kuingia, moja kutoka. Kilifungwa mwishoni mwa 2023, hakijafikisha miaka mitatu ya kazi.

Sasa mwani wenu. Asilimia 40 ni namba tamu, na ningependa kuuliza mmeipima lini. Mwani ukinyimwa nitrojeni huacha kugawanyika na kuanza kulimbikiza mafuta, kama mtu anayejaza ghala baada ya kusikia njaa inakuja. Kwa hiyo ukipima siku ya mwisho ya njaa utaona asilimia kubwa, ila mwani wenyewe umeacha kukua. Namba inayolipa deni ni gramu za mafuta kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa wastani wa mwaka, baridi na mawingu yakiwemo. Mwaka 2017 ExxonMobil na Synthetic Genomics walitangaza kwamba wamepandisha mafuta ya mwani aina ya Nannochloropsis gaditana kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya 40, bila kuudumaza sana. Yaani walikuwa mahali mnapokaribia ninyi, wakiwa na mfuko ambao hamna. Ushirikiano ule ulianza 2009 kwa ahadi ya kutumia hadi dola milioni 600. Mwanzoni mwa 2023 Exxon ilikuwa imejitoa.

Sababu utaiona ukikaa na kalamu. Tuseme bwawa la wazi linawapa gramu 25 za mwani mkavu kwa mita ya mraba kwa siku, kiwango ambacho wengi wanakilenga na wachache wanakidumisha, na robo yake ni mafuta. Hiyo ni gramu 6 hivi. Mkitaka mapipa 1,000 ya mafuta kwa siku, kiasi ambacho kiwanda cha kawaida cha kusafisha petroli hakiwezi hata kukitambua, mnahitaji mabwawa ya hekta 2,400, yote tambarare, yote yakizungushwa na mapedeli (magurudumu ya kusukuma maji) usiku na mchana. Ndani ya bwawa mwani umetawanyika sana, nusu gramu kwa lita. Kupata kilo moja ya mafuta unachuja lita 8,000 za maji. Kwa mapipa yale 1,000, ni zaidi ya lita bilioni moja kila siku zinazopita kwenye vichujio na kurudishwa. Bado hewa ya ukaa, karibu kilo 1.8 kwa kila kilo ya mwani, ambayo lazima itoke kwenye chimney ya mtu mwingine aliye jirani. Bado nitrojeni na fosforasi. Na bado wadudu: siku bwawa likivamiwa na rotifa, wanaweza kulisafisha ndani ya siku chache kabla hujajua umeibiwa.

Wengine walijaribu kukwepa jua kabisa. Solazyme ya California iliufuga mwani gizani ndani ya matangi ya chuma na kuulisha sukari. Ilifanya kazi, hata Jeshi la Wanamaji la Marekani likanunua: kwa maonyesho yao ya 2012 walilipa dola 26.75 kwa galoni kabla ya kuchanganya na mafuta ya kawaida, sehemu yake ikiwa ya Solazyme. Lakini kama unalisha mwani sukari, basi wewe ni mnunuzi wa sukari, na umerudi kwenye shida ya mwenzako wa mabua. Kampuni ikabadili jina kuwa TerraVia, ikageukia mafuta ya chakula, ikafilisika 2017, na mali zake zikachukuliwa na Corbion, ambayo sasa inauza mafuta ya omega-3 ya mwani kwa walisha samaki.

Hapo ndipo ningewaelekeza. Mafuta ya gari ni karibu bidhaa ya bei ya chini kuliko zote mnazoweza kuutoa mwani. Omega-3, rangi asilia, chakula cha vifaranga vya samaki, kusafisha maji taka yenye nitrojeni nyingi ambako mtu anakulipa uyasafishe: hizo zinaweza kubeba gharama ya kuchuja maji. Ila msimwambie mwekezaji kwamba bidhaa hizo zitalipia mafuta mpaka mafuta yajitegemee. Soko la omega-3 ni dogo, na hekta 2,400 zingelifurika ndani ya mwaka mmoja. Ni biashara tofauti, na ni halali kuifanya kwa ajili yake yenyewe. Mkitaka kuendelea na mafuta kwa njia ya utafiti, angalieni kuupika mwani ukiwa bado na maji yake, nyuzi 300 hadi 350 chini ya presha kubwa. Njia hiyo inaondoa gharama ya kukausha na inageuza mwani mzima kuwa mafuta ghafi, si ule mnofu wa mafuta peke yake, na mkiifuata, asilimia 40 yenu haitakuwa na uzito kama mnavyodhani. Kasi ya kukua na kustahimili wadudu vitakuwa na uzito zaidi.

Kuhusu mlango wa kutokea, jambo moja limebadilika tangu siku za akina DuPont, nalo ni ndege. Gari lina betri ya kukimbilia. Ndege ya masafa marefu haina. Umoja wa Ulaya umeweka sharti kwamba mafuta ya ndege kwenye viwanja vyake yawe na mafuta endelevu asilimia 2 kuanzia 2025, 6 ifikapo 2030 na 70 ifikapo 2050, na yanayotokana na mazao ya chakula hayahesabiki. Kwa sasa sehemu kubwa inatokana na mafuta yaliyokaangiwa na mafuta ya wanyama, na hayo yana kikomo. Watu hawatakaanga zaidi ili ndege ziruke. Nafasi ya selulosi iko hapo. Novemba 2023 ndege ya Virgin Atlantic iliruka kutoka London hadi New York bila petroli kabisa: asilimia 88 ilitokana na mafuta na shahamu zilizotumika, na 12 ilitengenezwa kwa sukari ya mimea.

Lakini msibuni molekuli mpya. Mafuta ya ndege ya namna hii yanaongozwa na kanuni ya D7566 ya shirika la viwango ASTM, na njia mpya ya uzalishaji ikitaka kuingizwa humo inapimwa kwa miaka, hadi ndani ya injini. Kuna njia zilizokwisha kupita, mojawapo ni kugeuza ethanoli kuwa mafuta ya ndege, iliyokubaliwa 2018. Kampuni ya LanzaJet ilizindua mtambo wa aina hiyo Januari 2024, na cha kufurahisha ni kwamba uko Soperton, kwenye eneo lile lile walikoanguka Range Fuels. Kwa hiyo mkipata ethanoli safi ya selulosi, mnunuzi wake anaanza kuonekana, na hamhitaji kuijenga nusu ya pili ya kiwanda.

Basi ningefanya hivi. Ningeacha kutafuta shamba la mabua na kutafuta rundo: makapi, maranda, masazo ya kiwanda ambacho mwenye nacho leo analipa gharama kuyaondoa au anayachoma hovyo. Ningechukua sampuli kila mwezi kwa mwaka mzima, chafu kama zilivyo, na kuzipitisha kwenye mtambo mdogo unaofanya kazi mfululizo. Saa 1,000 bila kusimama zitamshawishi mkopeshaji kuliko mavuno ya asilimia 95 yaliyopatikana mara moja kwenye kopo. Ningemtafuta mnunuzi kabla ya kuchora kiwanda, na kwenye barua yake ningetazama kama ameandika kiasi na miaka, maana barua ya nia isiyo na kiasi haina thamani benki. Hesabu ningeifanya mara mbili, ya kwanza na ruzuku na vyeti, ya pili bila. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo sehemu ya biashara yenu iliyo mikononi mwa bunge fulani. Ikizidi faida yote, semeni wazi kwenye maombi ya mtaji, kwa sababu mwekezaji mwenye uzoefu ataigundua.

Na mwani msiutupe. Uwekeni kwenye bwawa la wazi la mita za mraba chache, maji yasiyochemshwa, uone misimu yote. Andikeni kila wiki gramu zilizovunwa, pamoja na siku bwawa lilipokufa, na aliyeliua. Daftari hilo likifika mwaka mmoja, nenda nalo kwa watengenezaji wa chakula cha samaki kabla ya kwenda kwa mtu yeyote wa mafuta.